Usimzime Mwali Juu ya Mlima

Soweto, Mbeya
Julai, asubuhi ya baridi

Baba yangu mpendwa,

Kamwene Baba, na shikamoo. Leo nakuamkia wewe peke yako kabla ya mtu mwingine yeyote wa nyumbani, na sababu utaiona mbele. Mguu wa Mama unaendeleaje tangu mrudi kutoka hospitali ya Tosamaganga? Ameanza kuukanyagia kweli, au anajikaza tu ili watu wasimwonee huruma? Na kifua chako je, na baridi hii ya Mlandege? Mimi huku ni mzima. Baridi ya Mbeya ni ndugu wa ile ya kwetu, ila hii inashuka mlimani na kuingia mpaka ndani ya viatu. Baba Mdogo na Mama Mdogo wananitunza vizuri. Ndizi zao nimezizoea, ingawa bado nikilala naota ugali wa Mama na majani ya maboga.

Baba, ndani ya bahasha hii utakuta karatasi za namna mbili. Ile moja iliyo peke yake ni ya watu wote. Zakaria anaweza kuisoma kwa sauti kama kawaida yake, Mama akimenya viazi na jirani yetu akijifanya amekuja kuomba moto. Hizi zilizokunjwa pamoja ni zako. Zamani nisingeweza kukuandikia hivi, kwa kuwa kila neno langu kwako lilikuwa lazima lipite mdomoni mwa Zakaria. Sasa umemaliza kisomo cha watu wazima na unasoma mwenyewe, ndiyo maana nimeandika herufi kubwa na kuacha nafasi. Tafadhali zisome ukiwa ndani ya gari, mlango ukiwa umefungwa.

Barua yako niliipata. Uliniandikia kwa mkono wako kwamba tabo ya pili ya lori imekufa ukiwa wewe ndiye dereva, kwamba kamati ya ushirika imekuita, na kwamba hii ya tatu waliyoifunga ikifa nayo utashushwa garini ukalinde ghala. Mwisho ukaandika, "Mwanangu, gari hili halinitaki. Afadhali nirudishe funguo mwenyewe kabla hawajaninyang'anya." Hapo penye neno funguo kalamu yako ilitoboa karatasi. Nilipitisha kidole kwenye lile tundu, nikashindwa kula chakula cha mchana.

Baba, usirudishe funguo. Subiri umalize kunisoma. Hilo ndilo ninaloliomba, mengine yote ni maelezo.

Unanijua nilivyo. Shuleni mwalimu akiniuliza swali nilikuwa nalijua jibu, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, na bado nilikaa kimya mpaka akamwuliza mwingine. Hapa karakana ni vilevile. Baba Mdogo alinipatia kazi ya stoo kwa sababu vitabu vya spea vimeandikwa Kiingereza, na mimi ndiye ninayesoma na kuandika kwenye rafu majina ya vifaa kwa Kiswahili cha mafundi. Hawajui jina langu ni Leokadia, wananiita Dada Stoo. Fundi mkuu wetu, Fundi Anyosisye, mtu wa Tukuyu mwenye tumbo kubwa na mikono midogo, huwa anawaambia wageni, "Huyu mtoto ukimwuliza jina anakutajia namba ya spea." Wanacheka, nami nacheka, halafu narudi nyuma ya rafu zangu.

Sasa nikueleze jambo ambalo sijamwambia Mama. Mimi nazipenda injini. Mama anafikiri nasubiri tu matokeo ya mtihani ili niende unesi, na unesi si kazi mbaya. Lakini nikimaliza kazi ya stoo huwa naomba kuosha vifaa kwa dizeli pamoja na mafundi. Vidole vyangu vinanuka mpaka Mama Mdogo ananifukuza jikoni. Naona haya kukwambia, lakini nisipokwambia hutaelewa nilikuwa natafuta nini pale sakafuni siku ninayotaka kukusimulia.

Siku hiyo injini mbili zilikuwa zimelazwa sakafuni sambamba, kama wagonjwa wawili wodini. Ukoo mmoja kabisa, Baba. Moja ni sawa na ya lile lori lako la zamani ulilokuwa unaliita Kikongwe. Nyingine ni sawa na ya hili jipya unaloliita Mwali. Fundi alikuwa amezifungua zote, akaniita nije niandike majina.

Kwa nje ungeapa ni mapacha. Silinda sita huku, sita kule, upana ule ule, urefu ule ule. Ila Kikongwe anavuta pumzi mwenyewe, kama mimi na wewe. Mwali analishwa pumzi. Ule moshi unaotoka ndani yake hautupwi nje bure. Kwanza unapita kwenye gurudumu dogo la chuma, linatosha kwenye kiganja, na kulizungusha. Hilo gurudumu limeungwa kwa kijiti cha chuma, ile shafti, na mwenzake wa upande wa pili, na huyo mwenzake ndiye anayesukuma hewa kuingia kwenye silinda. Hiyo ndiyo tabo yenyewe. Unamkumbuka yule mhunzi uliyenipeleka kwake ulipotengenezesha jembe la Mama, kijana wake alivyokuwa anapiga mivukuto mpaka makaa yakawa meupe? Ni kama ile mivukuto, ila hapa moto unajipigia mivukuto wenyewe. Kadiri unavyokanyaga ndivyo moshi unavyozidi, na moshi ukizidi hewa nayo inazidi. Ndiyo maana Mwali anapanda mlima Kitonga na mzigo ambao Kikongwe angeulilia.

Halafu Fundi akanionyesha jinsi ndani wanavyotofautiana. Kichwa cha pistoni ya Kikongwe kina bakuli dogo, cha Mwali bakuli lake ni kubwa zaidi, kwa sababu hewa inayosukumwa ni nyingi, na ingebanwa kama ya Kikongwe injini ingejivunja. Chini ya kila pistoni ya Mwali kuna kijibomba kinachorusha oili tumboni mwa pistoni, kuipoza, kama vile Mama alivyokuwa akimnyunyizia Zakaria maji alipougua homa. Kikongwe hana hivyo vijibomba. Pampu ya oili ya Mwali ni kubwa zaidi. Valvu za kutolea moshi ni za chuma kigumu zaidi. Na mwisho kuna bomba moja jembamba, halifiki unene wa kidole changu cha mwisho, linalopeleka oili kwenye shafti ya tabo. "Umeona," Fundi akasema, "tumbo ni moja. Lakini huyu wa pili wamemlea tangu utotoni kwa ajili ya mzigo." Niliyaandika yote, na sikujua bado kwamba nakuandikia wewe.

Kabla hatujamaliza, lori likaingia likiburutwa. Dereva wake ni Mzee Sanga, mtu wa makamo, mpole, anayevaa koti la mvua hata jua likiwaka. Tabo yake imekufa, na ilikuwa imekufa nyingine kabla ya hiyo, kama kwako. Meneja wetu, ambaye malori na madereva wako chini yake, alitoka ofisini akiwa ameshakasirika.

"Umekimbiza gari bila oili," akamwambia.

"Bwana Meneja, chomoa kipimo uangalie mwenyewe."

Meneja akachomoa. Oili ilikuwa imejaa mpaka kwenye alama, tena safi.

"Mimi gari hili nalitunza kuliko mke wangu," Mzee Sanga akasema. "Nendeni mkamwulize."

"Tutakwenda," fundi mmoja akajibu, "tuone kati yao nani aliyekonda."

Hata Meneja alitaka kucheka, akajizuia. Fundi Anyosisye yeye hakucheka. Alikuwa ameshaifungua ile tabo. Shafti ilikuwa imegeuka rangi, ya bluu kama bawa la nzi mkubwa, na kwenye njia ya oili mlikuwa na masizi magumu, kama ya chini ya kikaango ambacho mtu amekisahau jikoni. Akaigeuzageuza. "Oili imejaa kwenye injini," akasema, "na hapa palikauka. Mbona sielewi." Meneja akasema kwamba yeye anaelewa, gari linahitaji dereva mwingine. Mzee Sanga akavua kofia akabaki ameishika tu.

Baba, nilikuwa nimesimama pale na sinia la vifaa mkononi, na nikakuona wewe. Nilikuona wewe kabisa, wakati wa zile likizo uliponipakia kwenye Kikongwe kwenda kuchukua mzigo. Tulikuwa tukifika juu ya Kitonga unaegesha pembeni, na hata breki ya mkono haijakaa vizuri umeshazima. Unapiga dashibodi kwa kiganja. "Pumua, bibi. Umenibeba, nami nakupumzisha." Ndipo unashuka kunywa chai. Madereva vijana ulikuwa unawagombeza wakiacha injini inanguruma huku wao wanakula. Uliwaambia, "Mpumzishe kwanza yeye, halafu wewe. Nyie hamna huruma."

Nikafungua mdomo. Nilisema, "Mzee, ukifika juu ya mlima, kitu cha kwanza unafanya nini?"

Fundi akageuka. "Sema tena, Dada Stoo, hata panya wako hawajasikia."

Nikasema tena. Masikio yangu yalikuwa yanawaka.

"Nazima," Mzee Sanga akasema. "Palepale. Nampumzisha. Nikikaa na gari limechemka linanguruma naona kama namtesa. Alinifundisha dereva mmoja wa Iringa, miaka ile tulipokuwa tunakula vumbi kabla ya lami. Barabara nzima hii hakuna mtu mwenye huruma na gari kama yule."

Hakutaja jina, Baba. Nami sikutaja.

Fundi Anyosisye aliketi juu ya tairi, akaanza kueleza pole pole, akiielekeza ile shafti kwa bisibisi. Shafti ya tabo haikai juu ya chuma, inaelea kwenye oili. Juu ya mlima ndipo inapozunguka kwa kasi kuliko popote, na ndipo inapokuwa na moto kuliko popote, maana imetoka kupitisha moshi wa mlima mzima. Ukizima injini, pampu ya oili inasimama hapo hapo. Lakini lile gurudumu halijui kama umezima. Bado linazunguka, na moto bado upo, na oili iliyobaki kwenye ile njia nyembamba inakaangwa mpaka inakuwa masizi. Safari ya leo kidogo, ya kesho kidogo, mpaka shafti inakauka. Injini ya zamani haina tabo, ukiizima hakuna kinachobaki kinazunguka. "Kwa ile ya zamani mzee huyu hakukosea," akasema. "Huyu mpya anataka apumzike akiwa macho. Mwache angurume taratibu bila kukanyaga mafuta, oili ipite, apoe, ndipo umzime."

Mzee Sanga alikuwa anaitazama ile shafti. Akasema, "Yaani nilikuwa nampumzisha."

Kisha akasema tena, "Basi na yule mzee wa Iringa inabidi aambiwe. Kama naye wamempa gari la namna hii atakuwa anateseka kama mimi."

"Nani atamwambia?" Fundi akauliza. "Wazee wa Iringa mnawajua nyie. Umwambie hajui gari?"

Nakiri, Baba, kwamba hapo kidogo ninyamaze. Ilikuwa rahisi sana kunyamaza. Swali langu lilikuwa limeshaifichua desturi yako mbele ya mafundi na Meneja, na hakuna aliyejua ni yako, ningeweza kurudi kwenye rafu zangu. Kilichonishinda ni ile kofia. Mzee Sanga alikuwa anaizungushazungusha mikononi hivi hivi unavyofanya wewe ukiwa na jambo zito.

Nikasema, "Mimi nitamwambia. Ni baba yangu."

Nilitamani sakafu ipasuke. Mzee Sanga akanitazama usoni kwa muda, akasema, "Ndiyo. Una macho yake." Kisha akavaa kofia. "Mwambie taratibu. Mwambie Sanga hajamkasirikia. Mwambie lori langu la zamani lilidumu miaka mingi kwa maneno yake." Kwa hiyo nakufikishia salamu zake kama alivyozitoa.

Nilikwenda nyuma ya stoo nikalia. Si kwa huzuni tu. Nimejaribu kujieleza mwenyewe ilikuwa kwa nini, sijaweza. Nafikiri ni kwa sababu kosa lenyewe lilikuwa zuri sana. Wengine wanaua magari kwa uvivu na ulevi. Wewe tabo zako mbili zimekufa kwa huruma, na kamati haina mahali pa kuandika hilo.

Meneja alikubali kumwacha Mzee Sanga kwenye gari kwa majaribio. Ameshakwenda mpakani na kurudi zaidi ya mara moja, akipanda ile milima yote. Akiingia uani siku hizi hazimi. Anakaa humo ndani, injini inanguruma taratibu, anavua koti, analikunja, anafuta kioo ambacho ni kisafi. Mafundi wanamtania, "Mzee, umelala humo?" Anawajibu kupitia dirishani, "Nyamazeni, tunaagana." Ndipo anazima. Na ukisikiliza vizuri baada ya injini kunyamaza, Baba, kuna kifilimbi chembamba kinaendelea, kinashuka, kinashuka, mpaka kinaisha. Ni tabo inamalizia kuzunguka. Fundi anasema hiyo ndiyo sauti ya tabo nzima. Tabo iliyoharibika inakwaruza, au inakaa kimya mara moja kama mtu aliyezibwa mdomo.

Kuna jambo lingine dogo na nitalisema haraka kabla sijaogopa. Asubuhi za Makambako, pale mnapolala njiani na kuamka na barafu kwenye majani, najua unampigia resi ili apate joto upesi, maana unamwonea huruma na baridi. Hilo nalo Mwali hapendi. Oili ikiwa na baridi ni nzito, inachelewa kufika kwenye lile bomba jembamba, na wakati huo shafti inazungushwa kavu. Mwashe umwache anong'one kwanza, wewe ukipiga mswaki.

Nimemaliza. Mimi ni mtoto, siwezi kukufundisha gari. Yote ninayoyajua kuhusu kulisikiliza gari niliyajua nikiwa nimekaa kati yako na dirisha la Kikongwe. Lakini ninakuomba umpe hii tabo ya tatu nafasi, na ujipe na wewe. Gari hili halikukatai. Hamjazoeana tu.

Nisalimie Mama sana, lakini haya ya injini na ya kuosha vifaa niachie nimwambie mwenyewe. Msalimie Bibi mzaa wewe, mwambie lile blanketi alilonipa ndilo linalonitunza huku. Msalimie Zakaria, na umwambie asikasirike kunyimwa karatasi hizi, nitamwandikia za kwake. Msalimie na utingo wako, yeye ndiye anayekimbilia chai mkifika juu, mwambie sasa chai iletwe garini. Baba Mdogo na Mama Mdogo wanakusalimu. Wanajua nimekuandikia, hawajui nini.

Uliandika kwamba mwisho wa mwezi utaleta mzigo Mbeya, ikiwa bado utakuwa na gari. Baba, usihangaike kunijibu kwa barua. Najua na wewe maneno mengine hayapiti kwako kirahisi, mimi nimeyarithi wapi? Njoo tu. Stoo yangu ina dirisha linalotazama geti. Nitakuona ukiingia, na sitatoka mbio kukulaki, usifikiri sijakuona. Nitasimama hapo dirishani. Ukikaa ndani ya Mwali, ukamwacha angurume taratibu, ukavua kofia na kuivaa tena, nitajua umezisoma karatasi hizi zote na hujanikasirikia. Kisha utazima. Nitangoja kile kifilimbi mpaka kiishe, ndipo nije kukuamkia.

Binti yako anayekusikiliza,
Leokadia